Nyundo Mbele ya Panayia

Simu ilitetemeka mara moja mfukoni mwa Evanthia Karaoli.

"Mama anaumwa. Asivuke maji."

Akaufuta ujumbe na kukata kona bila kupunguza mwendo. Hilux ikarusha vumbi jekundu juu ya mashamba ya viazi.

Mama ni Panayia, picha takatifu ya Bikira Maria wa kijiji cha Asprovrisi, iliyochorwa kwenye ubao miaka mia nane iliyopita na kuibwa mwaka 1974, vita vilipoigawa Kupro. Maji ni bahari. Boti ilikuwa inangoja mlangoni mwa mto Potamos, injini inanguruma. Boti ya doria ilikuwa mbali, dakika arobaini.

Ikivuka, haitaonekana tena.

Huko Larnaka, mama mzazi wa Evanthia, kikongwe Theopisti, mzaliwa wa Asprovrisi, kila asubuhi hubusu nakala ya picha hiyo aliyoikata kwenye kalenda, kisha humpigia binti yake simu. "Mmempata?" Na kila asubuhi Evanthia hujibu: bado. Neno hilo limeshamchosha hadi anachukia kulitamka.

Mlangoni mwa ghala la viazi alisimama Loizos, pande la mtu, akampekua.

"Mikono yako inanuka vitunguu," Evanthia akamwambia.

"Na wewe unanuka serikali, dada. Pita."

Konrad Vesterling, mwuza picha za wizi, hakumsalimia. Alivaa suti ya kitani na alitazama saa yake zaidi ya alivyotazama watu. Alidhani huyu ni mtaalamu aliyemwita kutoka Athens. Mtaalamu mwenyewe alikuwa kwenye kituo cha polisi, mbele ya kikombe cha kahawa kilichopoa.

Juu ya kreti mbili zililala picha mbili. Panayia na Panayia.

"Moja ya kale, moja ya mwaka jana," Vesterling akasema. "Fundi wangu amekufa kabla ya kuniambia ipi ni ipi. Una dakika tano."

"Ulimuua?"

"Nne na nusu."

Evanthia akafungua mkoba: pamba, chupa ya spiriti ya kusafishia picha, taa ya mwanga wa zambarau. Ndani ya mpini wa taa kulikuwa na kinasa sauti, na ng'ambo ya shamba Inspekta Kallis na watu wake wanane walikuwa wakisikiliza kila neno.

Taa haikumsaidia. Fundi yule alijua kazi. Alitumia ubao mkuukuu na vanishi ya zamani, akaichubua rangi palepale panapobusiwa.

Basi akafumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa chini. Mama yake alimsimulia mara mia: "Tukimbusu, kidevu kilikuwa kinakaa chenyewe kwenye ubao, kama kichwa kwenye mto." Midomo na videvu vya kijiji kizima viliumumunya ule mti hadi ukabonyea.

Ya kushoto: bapa.

Ya kulia: kidole kikazama.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumgusa.

Hesabu ilikuwa mbaya. Kallis alihitaji dakika nne kuvuka shamba. Kutoka ghalani hadi botini ni dakika mbili. Akitaja ya kulia, imekwenda.

Akagusa ya kushoto. "Hii ndiyo yenyewe."

Vesterling akatabasamu. Akaifunga kwa blanketi mwenyewe, akailaza kwenye kreti, akaifunika kwa viazi. Kisha akamrushia Loizos nyundo.

"Hiyo nyingine ivunje. Sitaki ziwepo mbili duniani."

Kwa ulimi wake mwenyewe Evanthia alikuwa amemweka Panayia chini ya nyundo.

"Rangi imekauka vizuri," akasema kwa sauti. Ndiyo ilikuwa ishara ya Kallis.

Dakika nne.

Loizos akainua nyundo. Akaishusha. Akapiga ishara ya msalaba mara tatu.

"Bosi, siwezi."

"Ni feki. Umemsikia mtaalamu."

"Nimemsikia. Lakini ni Panayia."

"Ni ubao na rangi, mpumbavu wewe."

"Na picha ya mama yangu humu kwenye pochi ni karatasi. Niambie basi niitemee mate."

Miaka ishirini mtu anauza picha takatifu, na hajui hata anauza nini, Evanthia akawaza. Vesterling akachomoa bastola ya Walther, akamwelekezea Loizos kichwani.

"Moja."

"Hesabu mpaka mia ukitaka."

"Mbili."

Chupa ya spiriti ilikuwa imeshafunguliwa. Evanthia akammwagia yote machoni.

Walther ikalia. Gunia likapasuka, viazi vikatawanyika sakafuni. Teke moja la kifundo cha mkono, bastola ikaruka. Goti mgongoni, na suti ya kitani ikala vumbi jekundu. Kule mtoni boti ilisikia mlio ikatimua mbio mikono mitupu.

Mlango ukavunjwa. Kallis akaingia anahema.

"Mama?"

"Mzima. Lete pingu."

"Nitakununua wewe na serikali yako yote," Vesterling akafoka, macho yanamtiririka machozi.

"Anza na mama yangu. Tuone bei yake."

Askari akamfunga Loizos mikono nyuma.

"Mfunge mbele," Evanthia akamwambia. "Mkono wa kulia ana kazi nao."

Loizos akamtazama. "Dada, niambie ukweli. Ile niliyogoma kuivunja..."

"Ndiyo yenyewe. Ya kwenye kreti ndiyo feki."

Loizos akaisogelea picha. "Ningegoma tu."

Akapiga msalaba, akainama, akabusu. Kidevu chake kipana kikakaa kwenye ubao bila kutafuta mahali. Aliponyanyuka akaonyesha kreti kwa pingu zake.

"Na yule naye mtoeni. Anakosa hewa humo kwenye viazi."

Evanthia alikuwa ameshafika kwenye Hilux. Akajipangusa vumbi, akawasha gari, akapiga simu.

"Mmempata?" Theopisti akauliza, hata salamu hakuna.

"Vaa viatu vya kanisani, Mama. Nakuja kukuchukua."