Aliyeitikia Jina la Yoeli

Jumamosi ile jina la Yoeli halikuitwa, lakini mtu aliliitikia.

"Nipo," ilisema sauti upande wa bendi.

Katika klabu ya wafanyakazi pale mtaani Sakina, muziki hauanzi kabla majina ya wanachama hayajaitwa. Desturi hiyo ilitoka kwenye mgomo wa kiwanda cha kahawa, zamani, wafanyakazi walipokuwa wakikamatwa na ikabidi kila jioni kujua nani bado yupo. Mwanachama akifa, jina lake huitwa mara ya mwisho, mtoto wake hujibu, "Ametoka kazini," ndipo bendi hupiga. Wiki iliyotangulia, Silantoi aliposikia jina la marehemu baba yake, Yoeli, alikabwa na kilio, akajibu, "Yupo." Watu walimwonea huruma. Hakuna aliyemsahihisha.

"Nani anatania?" aliuliza Mzee Jamaldini, mwenyekiti.

"Labda soda imekupanda kichwani, Mwenyekiti," alisema Daniel, mpiga gitaa.

Walicheka. Saksafoni ya Yoeli, iliyolazwa kwenye kiti chake, ilitoa pumzi ndefu, na ukumbi ukanuka kahawa iliyoungua.

Tangu hapo Anande, mama yake Silantoi, alikuja klabuni kila mchana na kukaa kando ya kiti kile. Chakula hakugusa. Silantoi, aliyekuwa akipika supu jikoni mwa klabu, alimsikia akinong'ona na kucheka kidogo kidogo. Mifupa ya shingo ikaanza kumtoka mama yake.

"Mama, twende nyumbani."

"Niache nizungumze na baba yako."

Siku moja ukungu wa Mlima Meru ulishuka mpaka madirishani, na Silantoi alipochungulia aliona upindo wa kanga ya mama yake ukiinuka wenyewe na kumfuta uso taratibu, huku ile harufu ikimziba pumzi, na sauti ya baba yake ikisema chini chini bila kituo, bila kuvuta hewa, kama maji yanayopita kwenye mfereji gizani.

Alikimbilia Kimandolu kwa Bibi Mwanamkuu, mtabibu wa kupunga majini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani alimkaribisha?"

"Mimi. Nilisema yupo."

"Basi mimi nitafukiza udi tu. Kumtoa utamtoa wewe, kwa jibu ulilopaswa kulitoa siku ile."

"Na kama ni baba kweli?"

"Baba yako mmemzika, mjukuu wangu. Huyu alikuta nafasi wazi. Ukichelewa, utamzika na mama."

Jumamosi iliyofuata, moshi wa udi ukiwa umetanda ukumbini, Mzee Jamaldini aliita kwa sauti ndogo, "Yoeli."

"Silantoi," ilisihi sauti ya baba yake, karibu kabisa na sikio. "Mwanangu, waambie nipo."

Anande alimshika mkono. "Usijibu. Nakuomba."

Machozi yalimwingia Silantoi mdomoni, akasema, "Ametoka kazini."

Kiti kilianguka. Harufu ikakatika. Daniel aligusa nyuzi, na bendi ikamfuata.

Silantoi alipiga magoti mbele ya mama yake. "Nisamehe, Mama. Hakuwa baba."

"Nilijua," alisema Anande, akitazama sakafu. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Miaka yote ile, baba yako hakuwahi kuniuliza kama nimechoka."