Picha Arobaini na Moja za Mumbe

Kisanduku cha kijani kilitua juu ya kigoda kitupu na kukaa hapo.

Kathini aliiondoa kamera jichoni akaangalia. Kigoda kilikuwa pale pale kando ya ukuta wa mabati, na hakuna aliyekikalia. Akarudisha jicho. Kisanduku nacho kikarudi, kidogo, kimetulia, mahali ambapo kichwa cha mtoto kingefika kama mtoto angekaa.

Ilikuwa wiki yake ya kwanza na kamera. Ben, mwenye studio ya picha mjini Voi, aliyefundisha watu wawili watatu kila Jumamosi, alikuwa amempa zoezi: achague kitu kimoja, akipige picha asubuhi, mchana na jioni, ajionee jinsi mwanga unavyokibadilisha. Kathini alichagua kigoda kwa sababu hakisogei.

Alipomweleza Ben kuhusu kisanduku, Ben alicheka.

"Hicho kinatafuta nyuso, Madam. Kamera ikiona uso inauzungushia, ili ushike fokasi vizuri. Saa zingine inadanganyika. Inaona doa ukutani inadhani ni mtu."

"Hakuna doa."

"Basi pangusa lenzi. Vumbi la Voi halina adabu."

Kathini alipangusa lenzi. Hakumwambia Ben kuhusu mwanawe.

Yeye na mumewe Ngui, fundi wa malori, walikuwa na mtoto mmoja tu, Mumbe. Homa ilimshika Jumatatu, na Alhamisi hakuwepo. Alikuwa na miaka saba. Wiki ya mazishi, simu iliyokuwa na picha zake zote ilitumbukia kwenye karai la kufulia, na kila fundi waliyempelekea aliirudisha akitikisa kichwa. Kwa miaka miwili Kathini aliishi bila hata picha moja ya mwanawe. Uso wa Mumbe ulibaki kichwani mwake tu, na kila usiku kabla ya kulala aliupitia wote, kipande kwa kipande, asije akausahau.

Ndiyo maana aliomba kamera. "Nataka nipige watoto wa watu," alimwambia Ngui. "Mama mwingine asibaki hivi." Ngui, aliyekuwa hajamsikia mkewe akitaka kitu chochote tangu mazishi, aliinunua mwezi huo huo.

Siku ya nne ya zoezi, jua likishuka nyuma ya milima ya Taita, kisanduku kilikaa tena juu ya kigoda. Kathini alikitazama kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mumbe. Angalia hapa."

Akabonyeza.

Kwenye kioo cha nyuma cha kamera palikuwa na ukuta, na kigoda, na juu ya kigoda mgongo wa mtoto aliyesukwa nywele mistari minne.

Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye vumbi, kamera mapajani, akilia na kucheka pamoja. Uani hapakuwa na mtu. Ila palikuwa na harufu ya udongo uliolowa, nzito, kama mvua imepita sasa hivi, na Voi haikuwa imeona mvua kwa miezi mitatu.

Jioni iliyofuata akaita tena, akapiga tena. Mtoto alikuwa amegeuka kidogo. Baada ya siku mbili alikuwa amegeuka kabisa, lakini uso ulikuwa laini na mtupu, kama unga uliokandwa ukasahaulika. Kathini hakuogopa, au aliogopa na akaendelea. Kila jioni uso uliongezeka kitu. Ulipata paji la uso. Ulipata nyusi. Ukapata kovu dogo kidevuni. Na harufu ya udongo ikahamia ndani ya nyumba, ikakaa kwenye mapazia na shuka, na mchana akiwa peke yake jikoni alisikia kandambili ndogo zikiburuzwa sebuleni, taratibu, zikisimama kila alipogeuka.

Hakumwambia mumewe. Aliona ni siri ya mama na mwanawe.

Jumatano moja wakila, Ngui aliweka kijiko chini.

"Leo nimeona mtoto barabarani ana pengo la mbele kama la Mumbe. Nimeshindwa kutembea."

"Pengo gani?" Kathini akauliza.

"La jino. Si ulimng'oa wewe mwenyewe, na uzi? Akakununia siku mbili."

Kathini alitafuta. Alipapasa kichwani mwake kama mtu anayetafuta swichi gizani, akakuta ukuta tu. Akajifanya anakumbuka. Lakini kwenye picha ya jioni ile mtoto alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza, na katikati ya meno yake ya mbele palikuwa na pengo.

Siku hizo Ngui alianza kuona mambo. Akiita "Mama Mumbe," mkewe hageuki, mpaka amwite kwa jina lake. Akitaja kovu la kidevuni, mkewe anauliza lilitokana na nini. Jumapili mchana, Kathini akiwa amelala kitandani, Ngui aliichukua kamera kutoka mezani akafungua picha.

Akamwona binti yake. Akashika ukingo wa meza, akalitamka jina lake. Picha baada ya picha alikuwa yeye, pengo lake, kovu lake, macho yake, kwanza kwenye kigoda, kisha amesimama katikati ya uani, kisha mlangoni, kisha ndani, kandokando ya kabati, kila picha hatua moja karibu zaidi, na Ngui alikuwa bado analia kwa furaha alipofika kwenye picha ya mwisho, ambayo haikuwa na mtoto. Ilikuwa picha ya Kathini amelala, na gauni lile lile la leo, mdomo wazi kidogo, imepigwa kutoka kimo cha mtoto aliyesimama kando ya kitanda.

Alikwenda akamwamsha. "Kathini. Hii amekupiga nani?"

Kathini aliitazama picha. "Sijui," alinong'ona. "Baba Mumbe, mimi sijui."

Kesho yake Ngui alipanda hadi Wusi, kijiji cha milimani, akarudi na Nyanya Wakio, mama mfupi mwenye sauti kavu, aliyejulikana milimani kote kwa kutoa majini. Hakuingia ndani mara moja. Alisimama mlangoni akanusa, akakunja uso.

"Nani aliita?"

"Mimi," Kathini akasema. "Nilimwita mwanangu."

"Uliita, mwanangu. Aliyesikia si mtoto wako." Alikaa, akaitazama kamera bila kuigusa. "Hiki kitu hakina uso. Kinachota kwako. Kila ulichokiona kwenye picha kimetoka kichwani mwako, na kikishatoka unakuwa huna tena. Funga macho. Niambie macho ya mtoto wako yalikuwaje."

Kathini akafumba macho. Dakika ikapita. Machozi yakaanza kutoka chini ya kope zilizofungwa.

"Kikimaliza uso kitachukua sauti," Nyanya Wakio akasema. "Halafu kitakuchukua wewe, na bwana huyu ataishi na kitu kinachoitwa Kathini. Picha zote zifutwe, na azifute aliyeita."

"Nikizifuta," Kathini akauliza, "nitarudishiwa? Nitamkumbuka?"

Mama yule alimgeukia. "Hapana. Kitakwenda na vyote kilivyobeba."

"Basi sitakuwa na kitu! Kwenye picha angalau namwona!"

Ngui alipiga magoti mbele yake. "Mimi ninamkumbuka," akasema. "Nibakie wewe, Kathini. Tafadhali."

Nyanya Wakio alichoma majani yake kwenye kigae, akaweka beseni la maji kizingitini, akawaambia wasigeuke nyuma kwa lolote. Zilikuwa picha arobaini na moja. Kathini alibonyeza, kamera ikauliza kama ana hakika, akajibu ndiyo, na mgongo wenye mistari minne ukapotea. Akabonyeza tena. Kufikia ya ishirini harufu ya udongo ilikuwa inawakaba koo, na kandambili zilikuwa zinakimbia sebuleni, zikigonga ukuta huu na ule, na kufikia ya thelathini zilikuwa zimekuja kusimama nyuma ya kiti chake, karibu kiasi kwamba alihisi pumzi baridi kwenye shingo, na Ngui aliyemshika mikono alianza kuomba kwa Kikamba bila kujua anaomba nini, na Kathini akaendelea, nyusi, kovu, pengo, kila picha akiitazama mara moja kwa macho yote aliyokuwa nayo kabla ya kuifuta, mpaka akaifuta hata ile yake mwenyewe amelala, ikabaki moja, uso mzima, unamtazama, na nyuma yake sauti ya msichana mdogo ikamwita mama kwa Kikamba, taratibu:

"Mwaitu, usinifute."

Ilikuwa sauti ya Mumbe. Sauti hiyo bado alikuwa nayo kichwani, na aliijua mpaka kwenye mifupa. Kidole kilikataa kushuka. Ngui alilia kwa sauti, maana na yeye alisikia.

"Mwaitu, nitakaa kimya. Nitakaa kwenye kigoda."

"Wewe si Mumbe," Kathini akasema, na maneno yalimtoka kama kitu kinachong'olewa. "Mumbe nilimzika."

Akabonyeza.

Kitu kilipita kati yao kwa kishindo, beseni likapinduka, mabati ya lango yakatikisika, na mbwa wa mtaa wote wa Kaloleni wakabweka kwa pamoja. Halafu kimya. Ndani ya nyumba hapakuwa na harufu yoyote isipokuwa moshi wa majani.

Asubuhi Ngui hakwenda kazini. Walikaa nje, na yeye akamweleza mkewe mtoto wao alikuwaje. Alikuwa mwembamba. Alikuwa anatembea kwa kurukaruka. Kovu alilipata kwenye ngazi ya kanisa. Kathini alisikiliza kwa makini, kama anayeelezwa habari za mtoto wa jirani aliyehama zamani, akiuliza maswali, akiomba kurudiwa.

"Alifanana nami?" akauliza mwishoni.

Ngui alimtazama sana.

"Masikio," akasema. "Masikio yalikuwa yako kabisa."

Kathini aliinuka akaingia ndani. Ngui alipomfuata baadaye alimkuta mbele ya kioo cha kabati, amevua kitambaa cha kichwa, ameshika nywele nyuma kwa mikono miwili, anayatazama masikio yake.