Betri Zilizoanikwa Juani

Kila Jumamosi asubuhi Joyceline alifagia chumba cha picha cha mama yake pale Mkumbara, akakung'uta shuka jeupe la ukutani, kisha akapanda juu ya ndoo na kupanga betri zilizokwisha nguvu juu ya bati. Nyumba nyingi za pale zilifanya hivyo. Betri iliyokufa ukiianika hadi ipate moto huamka kidogo, na redio ikamaliza taarifa ya habari moja. Ni akili ya watu wasiopenda kutupa kitu, na kwa redio haina ubaya.

Kwa flashi ni habari nyingine. Flashi yao, ile taa inayochomekwa juu ya kamera, ilikuwa ya mtumba kutoka kwa fundi Deogratius wa Korogwe mjini, na kifuniko chake kilishikiliwa kwa mpira. Mama yake, Fausta, alikuwa akimfundisha kwa kurudiarudia.

"Usimmulike mtu usoni moja kwa moja. Atatoka kama amepakwa unga. Geuza kichwa cha flashi kielekee kwenye shuka, mwanga ugonge pale, urudi umepoa. Subiri kitaa chekundu kiwake, ndipo upige. Na kazi ya mtu ni betri mpya. Za juani ni za redio."

Joyceline, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi pia. Ijumaa, mama akiwa shambani, aliwaita wenzake wa darasa la sita akawapiga picha hadi betri mpya zote nne zikakata roho. Walicheka sana siku hiyo. Mama hakuambiwa.

Kesho yake mama aliondoka alfajiri kwenda Korogwe kusafisha picha za kipaimara. Saa nne Petro, mwana wa Mzee Valentino, akabisha hodi.

"Mama yupo?"

"Hayupo, mjomba. Ameenda Korogwe."

"Basi njoo wewe. Mzee leo ameamka na nguvu. Amenyoa ndevu, ameomba koti lake. Anataka ile picha yake. Ya kesho hatuyajui."

Joyceline aliijua picha hiyo, na jirani gani asiyeijua? Kwao, Mkristo akizikwa, mtoto hutangulia mbele ya jeneza amebeba picha ya marehemu kwenye fremu. Mke wa Mzee Valentino alizikwa bila picha. "Watu waliotoka mbali waliuliza tunamzika nani," mzee alizoea kusema, na uchungu haukumtoka. Yeye mwenyewe alikata mkonge ujana wake wote, na sasa kifua kilikuwa kinammaliza.

Dukani betri mpya zilikuwepo. Lakini kuzikopa kwa jina la mama kungefichua mambo ya Ijumaa. Joyceline akapanda juu ya ndoo, akachukua zile za kwenye bati, zingali za moto.

Chumba cha mzee kilikuwa na kidirisha kimoja na kuta nyeusi kwa moshi. Kumtoa nje hakukuwezekana, maana kila akiinuliwa alikohoa hadi akaishiwa pumzi. Walikuwa wamemkalisha kitini, wima, vifungo vyote vimefungwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Fanya vizuri, eh?"

Petro alishika shuka. Joyceline akaijaribu flashi ukutani, ikawaka. Moyo ukamtulia. Akamgeukia mzee na kusubiri kitaa chekundu. Hakikuwaka. Akasubiri tena, huku miguu ya mzee ikianza kutetemeka. Basi akabonyeza tu. Kamera ikalia, mwanga hakuna. Akabonyeza mara tano. Kwenye kioo cha kamera aliona giza na ukosi wa shati.

"Zimetoka?" mzee aliuliza.

"Zimetoka vizuri, babu."

Jioni mama aliporudi na kusikia kuwa mzee amepigwa picha, naye akauliza, "Uliijaribu flashi kwanza?"

"Niliijaribu, mama. Iliwaka."

Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimtoka kirahisi. Uongo uliochanganywa na ukweli kidogo hutelemka kooni kama uji. Alijiambia atarudi kwa siri kesho na betri nzuri. Jumapili akaogopa, Jumatatu akaogopa zaidi. Usiku alikuwa akiuona ule ukosi.

Jumanne Petro alikuja chumba cha picha, macho mekundu. "Mama Joyce, mzee amezidiwa. Tuandalie ile picha."

Mama akainuka kuchukua kamera. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Joyceline ilikuwa imefika mwisho.

"Mama, picha hakuna." Akasimulia yote, tangu Ijumaa, mbele ya Petro. Alilia, lakini hakuacha kitu.

Mama hakumpiga. Petro akageuka akatazama barabara. Joyceline aliona heri angechapwa. Mwisho mama akasema, "Chukua shuka. Tupitie dukani. Uliyeharibu ni wewe, utakayepiga ni wewe."

Mzee Valentino hakuweza tena kukaa. Walimwegemeza kwenye mito miwili, na koti wakamfunika tu kifuani, kwa sababu mikono haikuingia bila maumivu. Mashavu yalikuwa yamebonyea.

Joyceline alipiga magoti. "Babu, nilikudanganya. Jumamosi hazikutoka."

"Nilijua," mzee alisema polepole. "Nilikuwa nasubiri mwanga. Haukuja. Nikasema labda kamera za siku hizi haziwaki, mtoto hawezi kunidanganya."

Safari hii Joyceline hakuharakisha. Petro alishika shuka pembeni mwa kitanda, yeye akageuza kichwa cha flashi, akangoja kitaa chekundu. Kikawaka. Akapiga. Mwanga ulirudi laini kutoka kwenye shuka, ukamwangukia mzee usoni.

Wakamwonyesha kwenye kamera. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni mgonjwa," alisema. "Wa Jumamosi alikuwa mtu mzima mwenye koti lake." Akapumzika. "Lakini ni mimi. Watanijua."

Alhamisi alfajiri alifariki. Ijumaa alizikwa, na mtoto wa Petro alitangulia na picha kwenye fremu. Hakuna aliyeuliza wanamzika nani. Ila Joyceline alimsikia mama mmoja aliyetoka Kwashemshi akinong'ona, "Jamani, alikonda hivi?"

Waliporudi nyumbani alipanda juu ya ndoo, akaanza kuziondoa betri kwenye bati moja moja.

"Ziache," mama alisema. "Betri hazina kosa. Wewe ulijua zimekufa, ukaziweka kwenye kazi ya mtu, kisha ukalifunika. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Kuharibu picha ni jambo la kawaida, hata mimi naharibu. Ungeniambia Jumamosi ile jioni, Jumapili asubuhi tungerudi, na mzee Jumapili alikuwa bado anakaa kitini. Nilimwona mwenyewe, nilipopita kutoka kanisani."

Joyceline, akiwa bado juu ya ndoo, akazirudisha betri kwenye bati, moja moja.