Namba Sita Alizosoma Kibiriti

Kila alasiri baada ya shule, dada yake Kibiriti alikaa kitini na simu ya mama, naye Kibiriti aliokota vipande vya vitambaa sakafuni. Jina hilo alilipata kwa kuwaka haraka. Mama yao alikuwa fundi cherehani, na dada ndiye aliyepokea oda za wateja, kwa sauti kubwa ili mama naye asikie.

"Mimi nazoa takataka, mwenzangu bosi," Kibiriti alinung'unika. Alimwonea wivu dada yake.

Siku moja dada alikwenda kununua uzi. Mama alikuwa chumba cha pili akimpima mteja. Simu ikaita, na kwenye kioo likatokea jina la mwalimu mkuu, aliyeagiza sare sitini.

"Namba sita zimeingia kwenye simu yenu kimakosa," sauti ya mafua ikasema. "Nisomee upesi."

Namba zilikuwepo kweli. Kibiriti angemwita mama, lakini mama angesema, "Msubiri dada yako." Akazisoma.

Dada aliporudi, akaunti ya ujumbe ya mama ilikuwa imefungika. Wateja wakaanza kupiga, maana walikuwa wamepata ujumbe kutoka akaunti hiyo.

"Fundi, unaniomba namba za siri? Umeanza utapeli?"

Mama akamgeukia dada. "Nilikuamini wewe!"

"Jamani mama, nilikuwa dukani!"

Kwa mara ya kwanza dada alikuwa anafokewa, na Kibiriti akaona raha. Kisha akayaona machozi ya dada, raha ikamwishia.

"Ni mimi," akasema. "Mwalimu mkuu alipiga, nikamsomea namba zilizoingia. Nilitaka na mimi kazi ya simu."

Mama alimpigia mwalimu mkuu papo hapo.

"Sijakupigia leo, fundi," alijibu. "Matapeli huigiza namba. Simu yako ikiona namba yangu, inaandika jina langu. Haijui nani anaongea."

Dada aliomba atumiwe namba nyingine za siri za kufungulia akaunti, akaingia na kumfungia nje tapeli aliyekuwa ameiteka kwa zile namba sita. Kibiriti akapewa simu, akawapigia wateja wote mmoja mmoja kueleza kosa lake. Wawili walimkatia.

"Akikupigia mtu akitaka namba za siri, kata," mama alimwambia. "Ukiwa na shaka, mpigie wewe mwenyewe. Na mwanangu, ukitaka kazi, niombe. Huo wivu wako leo umenivunjia heshima kwa watu walioniamini miaka kumi."