Machochwe Sifuri

Foleni ya sukari mbele ya duka la ushirika, Tarime mjini, ilikuwa imejikunja hadi stendi siku Nikodemo alipomkanyaga Efrazia. Binti alikuwa amevaa viatu vyekundu vya raizoni, vya kisigino kirefu, na gauni la kitenge lililombana kiuno hata akina mama wakaguna.

"We mura! Suruali yako ya bugaluu inafagia barabara, halafu miguu nayo inanikanyaga?"

"Samahani dada. Nilikuwa nahesabu watu. Foleni hii wangeigawa milango miwili, saa hizi ungekuwa nyumbani."

"Na wewe ungemkanyaga nani?"

Wakacheka, na mapenzi hayakusubiri sukari ifike.

Nikodemo, mzaliwa wa Nyamwaga, alikuwa ametoka chuo kikuu na kuajiriwa mpangaji wa usafirishaji katika shirika la kugawa vyakula. Efrazia, binti wa Mzee Magige wa Machochwe, aliunganisha simu posta. Kila jioni alimpigia ofisini: "Kipenzi, hesabu zimekuachia nafasi ya chai?" Wakikutana kwa chai, Nikodemo alimweleza kazi yake. Unaandika kila ghala lina magunia mangapi, kila kijiji kinahitaji mangapi, kila njia inakula dizeli kiasi gani. Unaongeza masharti yasiyovunjwa. Kisha unakokotoa hadi upate mpango wenye gharama ndogo kuliko yote.

"Hesabu haina shemeji," alipenda kujigamba.

Mwaka huo, 1974, ukame ulikuwa umekausha mashamba na mifugo. Washenga wa Nikodemo walipofika Machochwe, Mzee Magige aliwafukuza. Ng'ombe gani hawa, mbavu tupu! Nikodemo alinuna, akamwambia Efrazia maneno ambayo angeyajutia: "Baba yako atanikumbuka."

Njaa ikaingia vijiji vya ujamaa. Mahindi ya msaada hayakutosha, dizeli ndiyo kabisa. Nikodemo akapiga hesabu yake, akamsomea kwa simu mkuu wake wa Musoma, Bwana Tamimu. Aliyewaunganisha, visikilizio masikioni, ni Efrazia.

"Nyamwaga, yote. Matongo, yote. Machochwe, sifuri."

Mama na wadogo zake Efrazia walikuwa Machochwe wakichemsha majani. Efrazia hakungoja zamu iishe. Alimwachia mwenzake kiti, akaenda ofisini kwa Nikodemo.

"Tata amekunyima binti, nawe umemnyima mama yangu chakula!"

"Si mimi, mpenzi, ni hesabu..."

"Na kwenu Nyamwaga yote! Hiyo nayo hesabu?"

"Nyamwaga ni karibu na ghala. Machochwe lori linakula dizeli nyingi mno."

"Kwa hiyo wa mbali wakifa ni nafuu. Usinipigie tena, Nikodemo."

Aliondoka bila kufunga mlango. Nikodemo alirudi kwenye karatasi zake apate pa kujitetea, na hapo akaona alichokifanya. Chakula kikiwa pungufu, hesabu inayotafuta gharama ndogo humwacha wa mbali kuliko wote, kwa kuwa safari rahisi kuliko zote ni ile isiyofanyika. Lilihitajika sharti moja tu, kwamba kila kijiji kipate angalau nusu ya haja yake, na yeye hakuliandika. Alisahau kweli, au hasira ya ng'ombe ndiyo iliyomsahaulisha? Alijiuliza, akaona aibu.

Malori yangepakia asubuhi. Alikokotoa upya, kisha akainua simu.

"Namba?" Sauti ya Efrazia, aliyekuwa amerudi kwenye kiti chake posta, ilikuwa baridi.

"Musoma, Bwana Tamimu."

"Subiri, bwana."

Bwana Tamimu alikuwa na furaha. "Kijana, Dar wameusifu mpango wako! Ninakupandisha cheo."

"Mzee, nimekosea. Machochwe lazima wapate. Nyamwaga na Matongo wapunguziwe."

"Gharama zitapanda!"

"Zitapanda, mzee. Lakini hakuna atakayeachwa."

Dakika tatu zinazoruhusiwa kwa simu moja zilikuwa zimetimia. Kanuni ilimtaka Efrazia aingilie, awaambie muda umekwisha. Alishika waya, akaacha simu iendelee.

"Nikibadilisha nitaandika ni uzembe wako," alinguruma Bwana Tamimu. "Cheo usahau, na utahamishwa."

"Andika, mzee. Ila lori la kwanza liende Machochwe."

Karatasi ikasikika ikifunuliwa upande wa Musoma. "Haya. Nisomee hizo hesabu mpya."

Alipomaliza, upande wa Musoma ukakata. Nikodemo hakuweka simu chini.

"Efrazia, uko hapo?"

"Posta hatusikilizi simu za watu." Alikuwa analia. "Niambie, ulifanya makusudi?"

"Sijui. Nilikuwa na hasira na baba yako, na lile sharti halikunijia. Huo ndio ukweli wangu."

"Ungekana harakaharaka, ningekata."

"Wananihamisha, kipenzi. Ng'ombe wangu bado ni mbavu. Hata hivyo nakuomba uwe mke wangu."

Efrazia alijifuta machozi. "Panda lori la Machochwe, ukamwambie tata mwenyewe kilichotokea. Usipokwenda, usinitafute."

"Atanipasua kwa rungu!"

"Nimesema."

Asubuhi Nikodemo alifika ghalani akiwa hajalala. Lori lilikuwa limewashwa, tayari kuondoka. Akapanda juu ya magunia, akamkuta Efrazia amekaa, kitenge kichwani, raizoni mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu. Au wewe peke yako utaweza kumshika tata mkono wenye rungu?" Akasogea, akampa nafasi. "Kaa, mume wangu. Njia ni ndefu."