Viatu vya Muuguzi

Kila akitoka shule, Chapuchapu alipitia dukani kwa mama yake kushughulikia viatu vilivyorudishwa na wateja. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo la utani hakuliokota barabarani. Alitakiwa kukagua kila kiatu, kisha aandike kwenye kompyuta sababu ya kurudishwa. Programu ya akili mnemba ilisoma sababu hizo na kumshauri mama: hiki kirudi rafuni, kile kirudi kiwandani.

Kazi ilimchosha, tena wenzake walikuwa nje wakicheza. Basi akaanza kubonyeza sababu ya kwanza kwenye orodha, "Havimtoshi," bila hata kufungua boksi.

Siku moja muuguzi wa zahanati aliingia amefura kwa hasira. Akatua viatu vyeupe mezani, soli zikining'inia.

"Mara ya tatu hii! Unanibadilishia vibovu kwa vibovu! Jana nimeanguka na trei ya dawa mbele ya wagonjwa. Basi, nahama duka!"

"Samahani, dada yangu. Programu inasema vilivyorudi ni vizima, shida ni saizi tu," mama alisema. Muuguzi alikuwa mteja wake tangu duka lilipofunguliwa. Hakusubiri jibu jingine, akatoka.

"Mashine gani hii!" mama alifoka. "Kesho naiondoa!"

Chapuchapu alimsogelea mama. Kunyamaza kulikuwa rahisi, lakini aliona aibu.

"Mama, kosa si la mashine. Ni mimi. Nilikuwa naandika havimtoshi bila kuangalia."

Mama alimtazama kwa uchungu, kisha akashusha maboksi yote. Walikagua pea moja moja hadi viganja vikawa vyeusi. Pea kumi na moja, zote nyeupe za mzigo mmoja kutoka kiwandani, zilikuwa zimebanduka soli. Walipoandika ukweli, programu haikukawia: viatu vyeupe vya mzigo ule vyote viondolewe rafuni.

Chapuchapu alitumwa zahanati na pea nzima, akaungame mwenyewe. Muuguzi alivuta soli kwa nguvu zake zote, ndipo akavivaa. "Mwambie mama nimemsamehe," alisema.

Aliporudi, mama alimketisha.

"Mwanangu, mashine haina macho. Macho yake ni wewe. Ukiidanganya, itaurudia uongo wako bila kujua. Na uvivu wako haukuiumiza mashine. Ulimwangusha mtu."