Wadudu kwenye Kola ya Manousos

Manousos Kladakis alikutwa asubuhi amelala kifudifudi chini ya mzeituni wake wa mlimani, fuvu limepasuka, ngazi imeanguka ubavuni pake. Matawi mabichi yalitapakaa kila upande. Ungesema mzee kapanda kupogoa, kateleza, basi.

Kijiji cha Anopetra hakikusema hivyo. Mkahawani, kahawa hata haijapoa, kesi ilishakatwa: ni mkewe, Thekla, kamsukuma. Si waligombana juzi mbele ya kanisa, watu wote wanasikia? Si wao wawili tu wanaoishi huko juu?

Inspekta Argyro Vandoraki alichuchumaa kando ya maiti. Kwenye kola ya shati, vitone vya manjano, vidogo kuliko chembe ya chumvi, vilikuwa vinatembea.

"Daktari, unaona?"

"Chawa," alisema daktari wa polisi.

"Chawa wa manjano? Wewe kweli mtoto wa Athens!"

Daktari alicheka. "Haya, niambie wewe. Mimi nina langu: damu hapa ni kidogo mno. Huyu hakufia hapa."

Argyro akavuta tawi la mti uliokuwa juu yao. Wadudu-gamba walikuwa wameng'ang'ania, weusi, kama punje za pilipili manga. Akabandua mmoja kwa ukucha. Chini ya gamba mayai yamejaa, hayajaanguliwa. Akaokota tawi lililokuwa chini, akabandua mwingine. Gamba tupu, na watoto wa manjano wakitawanyika kwenye majani.

Tawi bichi, wadudu wale wale, mwezi ule ule wa Juni. Huku mlimani kwenye baridi mayai bado, kwingine yameshaanguliwa.

Thekla alikuwa ameketi kizingitini, konstebo kasimama nyuma yake.

"Mama Thekla, mumeo hupogoa Juni?"

"Juni! Nani anapogoa Juni, mwanangu? Mlevi?"

"Mlikuwa mnagombania nini?"

"Safari zake. Kila mara pwani, kuutazama mti wake kwenye shamba la Sifis. Jana mchana kashuka tena. Sikumwona tena mpaka leo. Nimweleze nani? Wameshanifunga midomoni mwao."

Sifis, jirani wa pwani, ndiye aliyembatiza binti wa Manousos, yaani baba yake wa ubatizo. Shamba lake, mti wa mwenzake katikati: huko kila kijiji kina mti wa namna hiyo, na hakuna anayeshangaa.

Alimpokea Argyro kwa glasi ya raki, pombe kali ya huko.

"Karibu, afande! Pole za msiba. Mkewe mmeshamchukua?"

"Una haraka naye?"

"Aa, nimeuliza tu."

Mti wa Manousos ulikuwa umefunikwa na ukungu mweusi kama masizi, majani yanang'aa kwa majimaji ya kunata ya wadudu. Vitone vya manjano vilikuwa vikitembea juu ya matawi. Pembeni palikuwa na makovu mapya ya msumeno, na ukuta wa mawe ulikuwa umeoshwa mahali pamoja tu.

"Gari lako la mizigo ulilifunika kwa nini jana, Sifis?"

"Sikulifunika."

"Ulilifunika kwa matawi ya mti huu, na chini yake Manousos. Kisha ukayamwaga chini ya ngazi yake. Wadudu wako wamepanda naye mlimani, na kule wenzao bado wako kwenye mayai."

Sifis alikaa juu ya ukuta. Raki ilimwagika.

"Kila kiangazi wanatoka kwenye huu mmoja," alisema. "Wanatembea, upepo unawabeba, mizeituni yangu yote inakuwa myeusi. Nilimwomba miaka. Jana nikachukua msumeno. Akatokea, akaukumbatia mti. Nikamvuta. Akaanguka, kichwa kikagonga jiwe la ukuta huu."

"Ungeweza kuita daktari."

"Alikuwa ameshakata roho."

"Na ukamwachia Thekla msalaba?"

Sifis aliigeuza glasi tupu, akaiweka ukutani.

"Alisema nini, alipoukumbatia?"

Sifis aliutazama mti.

"Alisema, 'Huu nilimpandia Irini siku ulipombatiza.' Irini alikufa mdogo, afande. Mimi ndiye niliyemtoa majini nikampa jina." Akajifuta uso kwa mkono. "Nilishasahau kwamba mti ni wa mtoto."

Argyro akachukua simu, akamwambia konstebo amwachie Thekla.